Wote Walivaa Buluu na Nyeupe

Nyiransabimana alizaliwa Kibumba, kijiji kilicho juu ya mji wa Goma, akaolewa Kibumba, na mume wake Théogène akazikwa Kibumba, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipokuwa akisema kwamba mauti yatamkuta palepale, katikati ya viazi vyake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, msema kidogo. Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Tuyisenge, na kwa ajili ya huyo mmoja alikuwa tayari kulima hata mwamba.

Tuyisenge alipoanza shule, mama yake alichambua mitumba sokoni nusu ya siku mpaka akapata shati jeupe lisilo na doa. Kitambaa cha buluu alikikata mwenyewe, akashona sketi kwa mkono, sindano ikamchoma vidole vyote. Asubuhi ile mtoto alitoka mlangoni kichwa kimenyolewa vizuri, soksi zimevutwa hadi magotini. Nyiransabimana alisimama akimtazama akienda, mpaka akachanganyika na wenzake barabarani, na mama mtu hakujua tena yupi ni wake. Alicheka peke yake. Mtoto wa mjane na mtoto wa mwenye ng'ombe walikuwa wanakwenda pamoja, na hakuna jicho lililoweza kuwatenganisha. Akaona kazi yake haikupotea bure.

Neno moja tu lilibaki. Shule ilitaka mfuko wa kila shati udariziwe herufi za jina la shule. Mwalimu Télesphore alimkumbusha mara nyingi.

"Mama Tuyi, zile herufi?"

"Juma ijayo, mwalimu. Nikishatoa viazi."

Viazi vikatoka, vingine vikapandwa. Shati la kwanza likambana mtoto, likanunuliwa la pili. Mfuko ukabaki mweupe vilevile.

Vita viliposhuka Kibumba, Tuyisenge alikuwa na miaka minane. Ilikuwa asubuhi ya mvua nyepesi, mwishoni mwa mwezi wa kumi, mwaka wa 2022. Nyiransabimana alikuwa shambani, amepiga magoti, mikono imezama udongoni. Kwanza alidhani ni radi. Ya pili ilipolia aliona ndege wote wa kwenye mikaratusi wakiruka kwa pamoja, akatupa jembe, akakimbia shuleni. Alikuta madarasa matupu. Madaftari yalikuwa wazi juu ya meza. Walimu walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto barabarani.

Na barabara, ile ya Rutshuru, haikuonekana lami. Watu wa Rugari na wa juu zaidi walikuwa wakiteremka na magodoro, mbuzi, wagonjwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, na kati yao watoto, watoto, watoto. Shule zote zilikuwa zimetapika siku moja, saa moja. Wote walivaa buluu na nyeupe. Nyiransabimana aliita, "Tuyi! Tuyi!" na sauti yake ikazama kama tone ziwani. Alishika bega la huyu, si yeye. La yule, si yeye. Mara akamwona, kando ya barabara, karibu na jiwe kubwa jeusi, amempa mgongo: urefu ule ule, kichwa kile kile kilichonyolewa, sketi ya buluu imelowa matope. Kombora likaanguka nyuma ya kanisa. Hakungoja mtoto ageuke. Alimrusha mgongoni, akafunga kitenge, akainama, akakimbia.

Alikimbia kwa zaidi ya saa moja. Mtoto mgongoni alikuwa akilia, "Mama! Mama!" Na kila mtoto hulia hivyo.

"Nyamaza, Tuyi wangu. Niko hapa. Mama iko hapa," alimwambia njia nzima.

Mwishowe alikaa chini kwenye nyasi, akafungua kitenge, akamvuta mtoto mbele ili amfute uso. Hakuwa Tuyisenge. Alikuwa msichana mwingine, mdogo kidogo, mwenye kovu juu ya jicho, na kwenye mfuko wa shati lake zilikuwapo herufi nne zilizodariziwa kwa uzi mwekundu.

"Wewe ni nani?" Nyiransabimana alipiga kelele, akamsukuma. Mtoto akaanguka chali. Baadaye, kati ya yote ya siku ile, hilo lilikuwa moja ya mambo aliyomwomba Mungu ayafute, lakini mikono yake haikuacha kulikumbuka.

Alisimama arudi juu. Hakupiga hatua hamsini. Wanajeshi walikuwa wamefunga barabara na watu wakimiminika kama maji ya mfereji. Wanaume wawili wakamshika. "Mama, kule hakuna mutu tena. Twende." Aligeuka, akamkuta yule mtoto amesimama nyuma yake. Alikuwa amemfuata. Hakulia tena. Aliweka mkono wake mdogo katika mkono wa mwanamke aliyemsukuma, na hivyo ndivyo walivyoingia kambi ya Kanyaruchinya, karibu na Goma.

Kambini, shirika moja lilikuwa limefungua hema la kuandikisha watoto waliopotea. Aliyekuwa akiandika ni msichana wa mjini, Bénita, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Nyiransabimana alisimama kwenye mstari siku mbili.

"Jina ya mutoto?"

"Tuyisenge."

"Alivala nini?"

"Shati nyeupe, jupe ya buluu."

Kalamu ya Bénita ilisimama. Alifungua kurasa za nyuma, akamgeuzia daftari, akasahau kwamba pengine hajui kusoma. "Mama, angalia. Huyu, buluu na nyeupe. Huyu, buluu na nyeupe. Hii page yote. Bote walivala uniforme. Kwenye shati, hakukuwa hata herufi ya masomo?"

Nyiransabimana alitikisa kichwa. Alikumbuka "juma ijayo" zake zote.

Yule mtoto mwingine aliandikwa pia. Ilichukua siku nne kabla hajatamka jina lake: Igihozo. Herufi zake nne Bénita alizinakili kwa uangalifu. Zilikuwa za shule moja upande wa Rugari. "Hizi zitatusaidia," alisema, "mama akiwa na bahati." Hakusema mama yupi.

Dada yake Nyiransabimana, Mukabalisa, alikuwa na nyumba ya mbao mtaa wa Majengo, mjini Goma, na meza ya kuuzia makala, makaa ya kupikia, mbele ya mlango. Baada ya majuma matatu aliwafuata kambini, akawachukua wote wawili. Nyiransabimana akawa anafunga makala kwenye vifuko, na kila Jumatatu anapanda kwenda Kanyaruchinya kutazama orodha. Kila Jumatatu anarudi bila habari.

Mwezi wa kwanza ulipoingia, Mukabalisa alisema mtoto lazima asome. Shule ilikuwapo mitaa miwili tu kutoka kwao. Nyiransabimana alikubali, lakini asubuhi ya kwanza alimvalisha gauni la kijani na juu yake triko ya sufi nyekundu, nyekundu kama pilipili. Sare ile ya Rugari alikuwa ameifua, akaikunja, akaiweka chini ya sanduku.

Siku ya tatu Direkta wa shule alimwita. Jina lake lilikuwa Émile Bulonza, mtu mzima, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari ukakata. Mezani kwake kulikuwa na sare moja iliyokunjwa.

"Mama, pole na yote. Sikukuita kwa kukuomba makuta ya kulipa. Hii iniforme iliachwa na mutoto aliyemaliza. Ni ya Igihozo."

"Asante, Direkta. Hataivala."

Bulonza alivua miwani. "Mama, unisikie. Hapa niko na watoto ya makambi karibu mia. Juma ya kwanza walikuja na nguo zao. Unajua wenzao waliwaita namna gani? 'Déplacés,' watu ya kukimbia. Hakuna aliyekubali kukaa nao banc moja. Tulipowapatia iniforme, ile jina ilikufa. Leo mimi mwenyewe siwezi kukuonyesha nani wa kambi, nani wa Majengo. Na kule barabarani, mwenye pikipiki akiona buluu na nyeupe, anapunguza mwendo. Mutu mugeni akiingia kwenye cour, hapa uani, tunamuona mara moja. Si nguo ya kujionyesha, mama. Ni nguo ya kuwafunika."

"Iliwafunika," Nyiransabimana alisema. "Wangu ilimufunika mpaka mimi mama yake sikumuona. Nilibeba mutoto ya mutu nikaacha wangu, juu ya hiyo nguo. Gauni yake ya nyumbani iko na maua ya manjano. Angekuwa ameivala, ningemuona toka kule juu kwenye shamba."

Direkta alivaa tena miwani yake. Alisema taratibu kwamba shule ina sheria, kwamba akimwachia mmoja, kesho atawaachia wote, na wenye mali watawaleta watoto wao na viatu vya kung'aa, na mtoto wa muuza makala atabaki nyumbani kwa aibu.

"Na wanaobaki nyumbani sasa, kwa kukosa hiyo shati? Ni wangapi kule kambini?" mama alimuuliza. "Iniforme inafundisha kusoma?"

"Hapana, mama. Haifundishi."

Waliachana bila ugomvi, na Nyiransabimana akamshika mtoto mkono, wakarudi nyumbani na triko yao nyekundu.

Igihozo alikaa nyumbani mpaka Pasaka. Kila asubuhi alisimama kwenye upenyo wa ua, akiangalia wenzake wakipita. Mukabalisa alimwonea huruma, akamwambia dada yake waziwazi, "Unamuadhibu huyu juu ya yule." Nyiransabimana aliendelea kufunga makala kana kwamba amevikasirikia vifuko.

Aliyemshinda ni mtoto mwenyewe. Walikuwa wamekaa mlangoni, Nyiransabimana akimnyoa, na watoto wa shule walikuwa wakirudi adhuhuri. Mmoja akanyosha kidole: "Angalia, pilipili!" Wote wakacheka, wakapita. Igihozo hakugeuza kichwa.

"Mama," alisema.

"Nini?"

"Nimechoka kuonekana."

Wembe ukasimama. Nyiransabimana aliutazama ule utosi mdogo, ambao kwa nyuma ulikuwa sawasawa na mwingine, akaelewa kwamba kwa miezi yote alikuwa akimvalisha Tuyisenge. Huyu hakuwa amepotea barabarani kwa sababu ya sare. Huyu alikuwa mtoto aliyetaka kukaa kwenye benchi na wenzake asiulizwe ametoka wapi. Alimaliza kumnyoa, akanawa mikono, akavuka mitaa miwili mpaka kwa Direkta. Sare ilikuwa bado ipo kabatini. Bulonza alimpa kwa mikono miwili, hakusema hata neno moja la ushindi, na kwa hilo mama anamheshimu mpaka leo.

Mwaka uliofuata ulikuwa, tukiacha Jumatatu, mwaka wa watu wa kawaida. Nyiransabimana alifua shati kila jioni, akaliweka karibu na jiko likauke, asubuhi akalipiga pasi ya makala. Igihozo alikuwa wa tatu darasani, kisha wa kwanza. Alimwita mama bila kufikiri. Mara nyingine Nyiransabimana alijikuta anacheka kwa jambo ambalo mtoto amesema, kisha anakatiza kicheko, kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Mwaka wa 2024, mwezi wa tano, Bénita alikuja mwenyewe Majengo. Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, kofia mkononi. Moyo wa Nyiransabimana ulipiga mara moja kwa nguvu: alifikiri wamemleta mtu aliyemwona Tuyisenge.

"Mama, huyu ni Papa Damascène, wa Rugari," Bénita alisema. "Alikuwa mukimbizi Uganda. Orodha yetu ilimufikia kule. Alisoma zile herufi ine, na kovu, akajua ni mutoto yake."

Damascène alikaa kwenye kibao walichompa. Igihozo alikuwa bado shuleni. Walingoja pamoja, na katika kungoja huko alieleza, macho chini, pole pole. Siku ile yeye alikuwa Rutshuru. Mke wake alikuwa ameshuka na mtoto mchanga mgongoni na Igihozo mkononi. Walipofika Kibumba mzigo wa chakula ulianguka. Mama akamwambia Igihozo, simama hapa kwenye jiwe, usiondoke, narudi. Aliporudi, jiwe lilikuwa peke yake.

Nyiransabimana alilikumbuka lile jiwe jeusi.

"Alimupatia jirani mutoto muchanga," Damascène aliendelea, "akapanda tena ile barabara. Jirani aliniambia alikuwa anashika kila mutoto wa masomo, anamugeuza, anaangalia uso. Mutoto mumoja kisha mwingine. Akakutwa na bombe akiwa anaangalia."

Mukabalisa aliacha kupima makala, mteja akasimama na ndoo yake. Nyiransabimana aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya yule mwanamume.

"Ni mimi nilimutoa kwenye jiwe. Sikumuangalia uso. Ni mimi."

"Najua, mama. Bénita alinieleza."

"Nilimuua mama yake."

Damascène alimshika mabega, akajaribu kumwinua, akashindwa, akapiga magoti na yeye. "Kombora lilianguka pale pale karibu na lile jiwe. Ungemuacha, ningezika wawili. Sikukuja kwa kukuhukumu. Nilikuja kukuambia murakoze." Lakini naye alikuwa akilia, na asante ile ilitoka imepindika, kama kitu ambacho mtu anakitoa huku anatamani angebaki nacho.

Igihozo alirudi saa sita na nusu na kundi la wenzake, wote buluu na nyeupe. Baba yake alisimama mlangoni akatazama nyuso, akapita moja, akapita nyingine. Hakumjua, mtoto alikuwa amerefuka. Ni mtoto aliyemjua yeye. Alisimama, begi likamtoka begani, akasema kwa sauti ndogo, "Papa?" Hakukimbia kwake. Aligeuka kwanza, akamtazama Nyiransabimana, kama anayeomba ruhusa.

"Enda," Nyiransabimana alimwambia. "Ni papa yako. Enda."

Waliondoka baada ya siku tatu. Nyiransabimana alimfungia nguo zote, pamoja na lile shati la Rugari, lililokuwa sasa dogo kama la mwanasesere. Mtoto alilia mpaka akatapika. Alisema atamwambia baba waje kila Krismasi. Waliitikia wote, kama watu wazima wanavyoitikia. Krismasi ile barabara ilifungwa na vita, na iliyofuata hata simu haikuja.

Jumatatu ya kwanza baada ya kuondoka kwao Nyiransabimana alipanda Kanyaruchinya. Bénita alimwona akiingia, akafungua daftari kabla hajaulizwa, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. Mwisho akalifunga, akaweka viganja juu yake.

"Bado, mama."

Vita viliingia Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2025. Kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao. Hema la Bénita likaondolewa, na madaftari yalikokwenda hakuna aliyejua kumwambia. Nyiransabimana alipanda Kibumba na jembe la kuazima. Nyumba ilikuwa ukuta mmoja. Alijenga kwa turubai, akalima, kwa sababu udongo ule hauna kinyongo: ukiupa kiazi unakupa viazi.

Shule ikafunguliwa tena, mabati yake yametobolewa kama chujio. Mwalimu Télesphore, mvi zimemjaa, alisema kila mtoto aje alivyo. Wakaja walivyo: magauni, kaptula, koti la baba, mwingine na jezi ya mpira iliyofika vifundoni. Rangi zote. Nyiransabimana alipitia njia ya shule kila asubuhi akienda shambani, na mara hii aliweza kuona kila uso vizuri, mmoja mmoja. Wake hakuwamo. Angekuwa na miaka kumi na moja, labda asingemtambua.

Mwezi wa kumi wazazi waliitwa wazungumze kama sare irudi. Walikaa kwenye nyasi mbele ya darasa. Mama mmoja alisema irudi, binti yake anachekwa kwa gauni lililotoboka. Baba mmoja anayeitwa Nizeyimana akasema isirudi, yeye hana hata shuka, shati jeupe atalitoa wapi, na mtoto akifukuzwa mlangoni ni nani atamrudisha? Wakabishana vizuri, bila matusi. Kila aliyesema alikuwa na haki. Mwalimu Télesphore akageuka.

"Mama Tuyi, wewe unawaza nini?"

Nyiransabimana alisimama. Alikuwa na maneno ya pande zote mbili, mengi kuliko yao wote.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Kweli, sijui."

Nizeyimana, ambaye alikuwa mgeni aliyehamia kutoka Masisi na hakujua habari zake, alimuuliza bila ubaya, "Lakini mama, wewe si huna mutoto hapa?"

"Niko naye," Nyiransabimana alisema. "Hajafika tu."

Watu wakainamisha vichwa. Télesphore alichukua karatasi ya wazazi, akaandika jina la Mama Tuyi chini ya mengine. Neno la sare likaahirishwa mpaka mwaka mwingine, wakahamia kwenye mabati na nani ataleta misumari. Nyiransabimana alikaa mpaka mwisho, kama wazazi wengine.